Kilo Mbili za Mwisho

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kibondo.

Themanini na mbili. Tena! Jumatatu ya nne mfululizo. Nimevua viatu. Nimevua mkanda. Nimevua saa na kutoa funguo mfukoni. Mshale wa mzani wa Haidari haukushtuka. Themanini na mbili.

Haidari ni mnunuzi wa maharage hapa sokoni. Mzani wake ni wa magunia, ila ndio pekee ninaouamini. Ule wa duka la dawa kila ukipanda unasema lake. Ubaya ni kwamba Haidari hajui kupima kimya. Desturi ya biashara yao ni kutangaza uzito mara tatu kwa sauti, foleni nzima isikie, asije mtu baadaye kulalamika. Basi kila Jumatatu soko zima linajua kilo zangu. Leo bibi mmoja anayeuza dagaa ameuliza kama nimeshakauka au bado nina unyevu. Watu wamecheka. Mimi pia nimecheka, kwa shida.

Niandike hali ilivyo. Mimi ni Lusajo, afisa ugani, mzaliwa wa Tukuyu, huu mwaka wa sita niko Kibondo. Februari nilikuwa kilo tisini na saba. Mchumba wangu Loyce, muuguzi huko Kasulu, alinipima presha kwa mapenzi tu, tukiwa tunakunywa chai. Akaiacha chai. Akasema wagonjwa wa presha anao wodini wa kutosha, hahitaji mwingine wa nyumbani. Akatoa sharti: siku ya utambulisho kwao Kagerankanda, Jumamosi tarehe 28, niwe themanini. Vinginevyo hatoki ndani kumtambulisha mtu.

Nimepunguza kumi na tano! Nani mwingine katika idara yetu amepunguza kumi na tano? Zimebaki mbili, na ndizo zimegoma.

Kuna jambo dogo nimelisahau. Tarehe 2 Loyce alipiga simu kuuliza nimefika ngapi. Nikasema themanini kamili. Akalia kwa furaha. Nampenda yule mwanamke mpaka naogopa. Si uongo niliosema. Ni taarifa iliyotoka mapema.

Ninachokula: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana kabichi, jioni maji. Naandika kila kitu. Kinacholiwa wima siandiki, kwa sababu mwili hauhesabu chakula mpaka mtu akae.

Jumatano, 11 Juni.

Fundi Isihaka amepiga simu kutoka Kasulu. Loyce amempelekea kitambaa cha suti yangu ya utambulisho, rangi ya maziwa. Anataka vipimo leo hii. Kiuno hasa.

Kiuno changu ni inchi thelathini na nane. Nikimtumia hiyo, Isihaka atamwambia Loyce. Hawa mafundi hawana siri.

Nikamtazama Gasper. Gasper ni afisa mifugo, tunashiriki ofisi na feni moja. Kila mchana anakula chipsi mayai mbele ya kabichi yangu, polepole, akilamba vidole, na mbavu zake zinahesabika juu ya shati. Ndiye msimamizi wangu wa utambulisho. Niliwaomba wengine watatu kwanza, wakasema wana msiba.

Nimemwambia idara inakusanya vipimo vya sare. Amesimama wima kama askari. Tumetumia ule utepe wake wa ng'ombe, ambao ukiuzungusha kifuani unakusomea kilo za mnyama upande mmoja na sentimita upande wa pili. Kiuno cha Gasper: inchi thelathini! Nimemtumia Isihaka. Nimepiga hesabu, kilo mbili zangu zikitoka zote kiunoni, nitaenea.

Gasper naye akataka kunipima. Amezungusha utepe, akasoma, akatikisa kichwa. Akasema ni ndama dume wa miezi mitano, ameshiba vizuri, ila asicheleweshwe chanjo. Ameitangaza ofisi nzima. Huyu mtu! Laiti ningekuwa na msimamizi mwingine!

Jumamosi, 14 Juni.

Nimegundua kosa. Pikipiki! Miezi yote hii nimekuwa nikienda kwa wakulima nimekaa. Leo nimeiacha nyumbani, nimezunguka mashamba kwa miguu. Kilomita tisa.

Tatizo la miguu ni mwendo wake. Kwenye pikipiki unapunga mkono, umepita. Kwa miguu unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, unakaribishwa. Na huku mgeni akikaribishwa anakula. Afisa aliyenitangulia alikuwa anakataa, anasema ameshiba. Wakulima wakasema anaogopa uchafu wa mikono yao. Shamba darasa lake likabaki na yeye na jembe.

Kwa hiyo kwa Mama Akimana nimekula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Kwa jirani yake viazi vitamu. Kwa mzee wa kahawa ndizi, kisha senene aliotunza kwa ajili ya mgeni. Kwa wawili waliofuata sikumbuki vizuri. Mama Akimana amesema tangu nianze kutembea ninaonekana mtu wa watu. Vyote hivyo ni chakula cha heshima. Chakula cha heshima hakimnenepeshi anayekula, kinamfurahisha anayepika.

Jioni: maji. Sijawahi kuwa na nidhamu kiasi hiki.

Jumanne, 17 Juni.

Jana themanini na mbili na nusu. Haidari ameitangaza na ile nusu. Mara tatu.

Nimesoma kwenye simu kwamba mwili ukikaribia lengo unazoea, unajibana, na dawa yake ni kuushtua. Sawa. Leo nimeushtua. Nimeamka nikaoga maji ya baridi. Nimekula kabichi asubuhi na kunywa chai mchana. Nimepiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Halafu nimebeba mfuko wa mbolea wa kilo ishirini na tano mgongoni, nikaenda nao mashambani na kurudi nao.

Mwili sijui kama umeshtuka. Wakulima wameshtuka. Mama Akimana alisema hajawahi kuona serikali inamtwisha afisa mzigo hivyo, na mtu wa mzigo hawezi kuondoka na tumbo tupu. Akachinja kuku. Nilijaribu kueleza. Akasema kula kwanza, utaeleza ukiwa na nguvu.

Loyce amepiga. Ameuliza kama bado ni themanini. Nimesema huenda imeshuka zaidi. Kwa nini nimesema hivyo? Akasema nisizidishe, asije akaolewa na fito. Tulicheka sana. Nilipokata simu nilikaa kitandani muda mrefu nikitazama tumbo langu.

Ijumaa, 20 Juni.

Akili! Nimepata njia ya kukataa chakula bila kumkosea mtu. Nafunga! Nani atamlazimisha mtu wa Mungu aliyefunga? Nimemwambia Mama Akimana kuwa niko kwenye mfungo wa kuombea utambulisho wangu, mpaka tarehe 28. Amefunika sufuria yake palepale. Amenitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa kilimo.

Leo nimepita nyumba tano bila kuonja kitu! Nilikula mahindi ya kuchoma mawili tu barabarani, nikitembea.

Jumapili, 22 Juni.

Mama Akimana ana mdomo. Amemwambia katekista Evaristi, jirani yangu, ambaye pia ndiye mshenga wangu kwa wakwe. Evaristi ameguswa. Amelitangaza kanisani: afisa wetu, tena si wa dhehebu letu, anafunga kwa ajili ya ndoa, na kina baba wa hapa hata sala ya chakula inawashinda. Akasema si vizuri mfungaji afungue peke yake.

Saa kumi na mbili jioni wamekuja kina mama wa kwaya. Kumi na mmoja. Kila mmoja na chungu chake. Wameimba mlangoni, wameingia, wamepakua. Kila mama alitaka aone nimeonja cha kwake, na wa nne alinuna kwa sababu cha wa tatu nilikirudia. Kulikuwa na mihogo ya nazi. Kulikuwa na samaki mgebuka mzima, na kichwa chake. Evaristi alikaa pembeni yangu akinisukumia sahani, akisema mfungo wa kweli hulipwa hapahapa.

Kesho watakuja tena. Wamepanga zamu mpaka Alhamisi.

Na hapa nilikaa. Siwezi kudanganya shajara. Nilikaa.

Jumatatu, 23 Juni.

Themanini na nne. Haidari alisita kabla ya kutangaza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Bibi wa dagaa hakucheka. Alinishika mkono. Hiyo imeniumiza kuliko kicheko.

Zimebaki siku tano. Naogopa. Si suti ninayoiogopa, ni uso wa Loyce.

Ijumaa, 27 Juni. Kasulu.

Tumefika Kasulu: mimi, Gasper na Evaristi. Tangu jana sijala kitu, na safari hii ni kweli. Kina mama wa zamu waliambiwa nimesafiri mapema, nilijifungia ndani mpaka wakaondoka na vyungu vyao.

Kwa Isihaka. Suti inang'aa. Loyce alichagua kitambaa kizuri mno, moyo umeniuma. Suruali imepanda mpaka mapajani ikasimama. Isihaka amevuta. Gasper amevuta. Evaristi ameomba. Koti limeingia mkono mmoja.

Isihaka ametoa karatasi yake ya vipimo, akasema yeye ameshona alichoandikiwa, na kwa miaka ishirini hajawahi kukosea inchi. Gasper akasema ngoja nijaribu. Imemkaa! Imemkaa kama amezaliwa nayo. Amejigeuza mbele ya kioo mara sita. Akauliza zile sare za idara ziliishia wapi.

Hakuna muda wa kushona nyingine. Koti la Gasper, la kijivu, alirithi kwa kaka yake aliyekuwa mnene. Linanienea. Tumebadilishana. Kesho bwana harusi atakuwa na koti la kijivu lililopauka kwenye viwiko, na msimamizi atang'aa. Evaristi amesema Mungu haangalii mavazi. Wakwe wanaangalia.

Jumamosi, 28 Juni. Kagerankanda.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu, nyuma ya gari, tukingoja kuondoka. Niandike kwa mpangilio.

Wakwe hawajawahi kuniona. Wana picha tu, ya mwaka jana, nikiwa tisini na saba. Baba yake Loyce, Mzee Pasikali, aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, ni raia wa siku nyingi na ndiye mnunuzi mkubwa wa maharage katika kata. Tuliposhuka tu kina mama wakapiga vigelegele, wakamkimbilia Gasper. Ile suti! Wakamfuta vumbi kwa khanga, wakamweka kwenye kiti chenye kitambaa. Mimi nikaonyeshwa benchi. Mama mkwe alishika ile picha, akamtazama Gasper, akaitazama tena, akashika kifua.

Evaristi aliinua mkono aeleze. Akaambiwa mshenga ana zamu yake, asubiri wazee wamalize. Wazee hawakuwa na haraka.

Mimi nilikuwa karibu kusema. Kweli kabisa, mdomo ulishafunguka. Ndipo Mzee Pasikali akatangaza kwamba binti yao, kwa kuwa ni mtu wa hospitali, ameomba mgeni apimwe kabla ya mambo mengine, na mzani upo. Upo! Barazani, wa magunia kama ule wa Haidari, umefutwa na kufungwa utepe mwekundu.

Nikafunga mdomo. Nikamwinamia Gasper, nikamnong'oneza apande yeye. Nikamwahidi suti iwe yake moja kwa moja. Gasper alipanda kabla sijamaliza sentensi.

Niliweka matumaini kwamba mzee atatikisa kichwa tu, basi. Nilisahau ni mfanyabiashara wa maharage.

"Sitini na sita! Sitini na sita! Sitini na sita!"

Mama mkwe akamwita Mungu wake kwa Kirundi: "Mana yanje! Mwanangu anapewa mgonjwa!" Wazee wakainamiana. Kutoka tisini na saba mpaka sitini na sita, wakasema, huo si mlo, hilo ni gonjwa. Mzee Pasikali akaamuru mgeni ale kwanza, maneno baadaye. Wakamletea Gasper sinia la mtu mzima na mbuzi mzima pembeni. Gasper hakukataa. Alisema ni chakula cha heshima. Kumbe ananisikilizaga!

Mimi njaa ya siku mbili ilikuwa inanikata. Nikasogea taratibu nyuma, upande wa masufuria. Mama mmoja wa jikoni akanionea huruma, akanipa andazi. Nilikuwa wima, naomba ieleweke.

Loyce alikuwa ndani anangoja zamu yake ya kutolewa. Amesikia sitini na sita. Hakungoja. Alitoka mbio, bila kufunikwa, bila shangazi, kipimo cha presha mkononi, machozi yanamtoka. Alidhani nakufa! Alimkuta Gasper anatafuna mbavu na kukohoa kama mbuzi. Akageuka. Akanitafuta kwa macho, benchi kwa benchi, mpaka masufuria.

Nilikuwa na andazi mdomoni.

Ameniambia neno moja tu, panda. Nimepanda. Watu wote wamesimama. Mzee Pasikali alitazama mshale, akanitazama mimi, akaitazama picha, ndipo akaelewa. Akanitangaza kwa sauti ya kazi, mara tatu, na milima ikarudisha: themanini na nne.

Loyce hakupiga kelele. Heri angepiga. Amesema kilo nne angezipokea, hata nane, presha inatibika. Asichoweza kukipokea ni ile themanini aliyoilalia na kuilia. Akasema alifurahi peke yake mwezi mzima. Nilitaka kusema ni koti, koti la kijivu ni zito. Nikasema. Ni koti. Mama yake akafunika uso.

Nimeona haya kiasi ambacho sikujua ninacho.

Lakini hakunifukuza. Ameongea na baba yake pembeni, kwa Kirundi, mzee akawa anaitikia ego, ego, yaani ndiyo. Utambulisho umesogezwa mpaka Jumamosi tarehe 30 Agosti. Kila Jumatatu nimpigie nikiwa kwa Haidari, simu ikiwa wazi, asikie mwenyewe inavyotangazwa. Namba yoyote, amesema, hata tisini. Ila iwe yangu. Siku hiyo ikifika na nimedanganya hata mara moja, nisijisumbue kupanda gari.

Mama mkwe amenifungia chungu cha nyama cha njiani. Amesema hata mwongo hatoki kwake na njaa.

Jumapili, 29 Juni. Kibondo.

Nimebadilika. Naandika kwa herufi kubwa: UKWELI TU. Nimemwambia Mama Akimana sikuwa nafunga. Alinitazama, akasema alijua, mtu anayefunga hanuki mahindi. Nimemwomba radhi Evaristi. Nimemwomba radhi Isihaka kwa simu. Nilipomaliza kuomba radhi nilijisikia mwepesi, kama kilo mbili hivi zimetoka.

Chungu cha mama mkwe kilimalizikia njiani. Gari lilikuwa limejaa, nilisimama mpaka Kibondo.

Jumatatu, 30 Juni.

Kabla ya kumpigia Loyce nilipanda mzani kimya kimya, nione tu. Themanini na tano.

Ningefanya nini? Siku mbili tu tangu anisamehe! Kumpa mwanamke themanini na tano asubuhi ya Jumatatu ni ukatili. Yeye ametaka kusikia tangazo. Hakusema wazi nani awe juu ya mzani. Alisema namba iwe yangu, na namba nimeichagua mimi.

Gasper sitini na sita. Maharage kilo kumi na nne mgongoni. Haidari alisema yeye hatangazi uongo, ila kilichoko juu ya mzani atakitangaza. Hicho ndicho nilichotaka. Gasper amekuja na suti ya rangi ya maziwa. Siku hizi haivui.

Nikapiga. Loyce akapokea, sauti yake laini, ya kunionea huruma. Haidari akajaza kifua: "Themanini! Themanini! Thema..."

Gasper akakohoa. Vumbi la maharage. Kikohozi kile kile cha mbuzi ambacho Loyce alikisikia Jumamosi kila Gasper alipomeza mfupa.

Loyce, taratibu, akamwomba kaka Haidari amshushe Gasper na alichobeba, ampandishe afisa. Nikapanda. Themanini na tano, mara tatu. Bibi wa dagaa alilala juu ya dagaa wake kwa kicheko. Loyce akamshukuru Haidari. Kwangu amesema hii haihesabiki, nilikuwa bado najifunza, kuanzia Jumatatu ijayo zinahesabika. Sauti ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anacheka, nina uhakika alikuwa anacheka. Mwanamke wa namna hii nitampata wapi tena? Siwezi kumpoteza kwa uzembe.

Kwa hiyo jioni nimekaa nikachunguza kosa lilikuwa wapi, kwa utulivu, kama mtaalamu. Nimeliona. Gasper anakohoa. Basi, ni hilo tu.

Katekista Evaristi hajawahi kukohoa hata kwenye moshi wa ubani. Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwambia Jimbo linakusanya vipimo vya kanzu, nikamzungushia utepe wa ng'ombe. Themanini kamili!